Honi Mbili za Mwalimu Breki

Mji mzima ulimwita Mwalimu Breki, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Gari la shule yake ya udereva lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa kushoto, mbele ya kiti cha mwalimu, na hiyo ya pili aliikanyaga kwa moyo wake wote. Mwanafunzi akikaribia taa nyekundu huku anawaza mambo yake, gari linasimama ghafla, paji la uso linataka kubusu usukani, na sauti ya mama huyo inasikika pembeni, tulivu kabisa: "Umeua wangapi hapo? Hakuna. Shukuru breki." Watu walimlalamikia, wakamcheka, na bado walimpelekea watoto wao, kwa sababu aliyefundishwa naye alifaulu mtihani mara ya kwanza. Kila mtu alilijua hilo, na yeye mwenyewe alilijua kuliko wote.

Alikuwa na maneno yake ya kazi. Kuegesha gari kinyumenyume alikuita kumlaza mtoto. Kusubiri zamu kwenye mzunguko alikuita kushika adabu. Halafu kulikuwa na kufagia, na kufagia ni hivi: mbele yako kuna mtu wa baiskeli, unamkaribia, unapiga honi mbili fupi, pii-pii, huku unaendelea kusogea. Yeye anashuka kwenye vumbi la pembeni, wewe unapita bila kubadili gia. "Fagia!" Mwalimu aliamuru, na mwanafunzi akafagia. Neno lilikuwa tamu mdomoni, likatoka garini likaingia mjini. Madereva wa malori wakawa wanafagia, wa teksi wanafagia, hata wachungaji na mahakimu walifagia wakiwahi kazini.

Ajabu ni kwamba honi hizo hizo mbili ndizo wanafunzi wake wa zamani walizomsalimia nazo. Wakiliona gari lenye herufi L na yeye ameketi kushoto, kifua mbele, pii-pii! Naye anainua mkono bila hata kugeuza shingo. Sauti moja ilikuwa na kazi mbili, na Mwalimu hakuwahi kuliona hilo. Angelionaje? Siku zote alikuwa ndani ya gari.

Kilichomtoa ndani ni goti la kulia. Lilianza kwa kulia kama bawaba kavu, likavimba, mwishowe likagoma kukunjika. Daktari wa mifupa aliliminya, akatazama picha, akamtazama usoni.

"Mama, goti hili limewakanyagia watu wengi mno."

"Ndiyo kazi yangu."

"Najua. Mimi mwenyewe ulinifundisha, na hadi leo nikiona taa nyekundu shingo inaniuma." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Usikae kwenye kile kiti mpaka nikuone tena. Goti linataka kuzungushwa, halitaki kupigwa. Tafuta baiskeli, uendeshe kila siku. Ukirudi hapa likakunjika vizuri, kiti ni chako. Lisipokunjika, mama yangu, tafuta kazi ya kukaa dukani."

Kazi ya kukaa dukani! Alitoka pale amenuna, na alifika shuleni akiwa amenuna vilevile. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye ubao, viti vya plastiki na mchoro wa makutano ukutani, na alipochungulia nje dirishani alimwona shemeji yake, mdogo wa mumewe, ameketi kwenye kiti cha kushoto cha gari. Kiti alikwisha kukisogeza mbele.

"Nakijaribu tu, shemeji," alisema, akishuka upesi. "Ikitokea, Mungu apishe mbali."

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alifundisha nadharia, alipenda tai, na kwa miaka alikuwa akikimezea mate kiti kile kama mtoto anavyomezea mate keki ya mwenzake. Mwalimu Breki aliinama kwa tabu, akakirudisha kiti nyuma kilipokuwa, akapiga moyo konde.

Baiskeli ilikuwepo nyumbani. Mumewe alikuwa fundi bomba, na miaka yote alikwenda kazini kwa baiskeli, begi la spana mgongoni na mabomba yamefungwa ubavuni. Alikuwa nayo ya pili, ya zamani. Aliipaka grisi, akashusha kiti, akamvalisha mkewe kofia ngumu na kizibao cha manjano, akarudi nyuma kumtazama.

"Kaa pembeni," alimwambia. "Pembeni kabisa, mke wangu. Ukisikia gari, shuka."

"Nishuke niende wapi? Nani atanigusa mimi? Mji huu nimeufundisha mimi kuendesha."

Mumewe alimkazia mkanda wa kofia, akaenda kunawa grisi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Baiskeli iliyumba mpaka kona ya kwanza, kisha mwili ukakumbuka mambo ya usichana. Na honi! Hakufika hata kwenye kituo cha mafuta kabla hajasikia pii-pii nyuma yake. Akainua mkono. Gari likapita karibu, karibu mno, akadhani dereva anataka amwone vizuri. Pii-pii nyingine, akainua tena. Lori likapiga, akalipungia kwa tabasamu, na lori lile likamtimulia vumbi lililomjaa kinywani. Alirudi nyumbani kichwa kimevimba.

"Mji mzima umenisalimia!" alimwambia mumewe. "Kumbe ndani ya gari nilikuwa najinyima. Sijui hata wamenitambuaje na kofia hii."

"Hm," alisema mumewe, akanywa chai yake mpaka chini.

Siku zilipita hivyo, goti likianza kulegea na mkono ukichoka kwa kupungia watu. Mpaka siku ile karibu na duka la mbao, mahali ambapo barabara inabanwa na mtaro. Pii-pii. Mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa na raha zake, aliinua mkono juu kabisa, akaupunga kwa madaha. Kitu kigumu kikampiga kiwiko. Usukani ukazunguka wenyewe, na kabla hajasema mama nakufa, alikuwa ndani ya mtaro, baiskeli juu yake. Mtaro ulikuwa mkavu, Mungu mkubwa. Alipotoa kichwa, gari lilikwisha kupotelea kwenye vumbi lake.

Mafundi wa duka la mbao walimvuta juu. Kiwiko kilikuwa kimechubuka kuanzia hapa mpaka pale, kiganja kinavuja damu, ila goti, alilolishika kwanza kabla ya vingine vyote, lilikuwa zima.

"Huyo hakusoma kwangu," aliwaambia, akijifuta. "Huyo ametoka mbali. Mji huu hauna dereva wa namna hiyo."

Mafundi walitazamana. Mmoja alikohoa. Mumewe naye aliambiwa kwamba baiskeli iliteleza, basi. Mwalimu aliyefundisha mji mzima hawezi kwenda kusema ameangushwa mtaroni.

Jumapili mchana binti yao alikuja kula, kama kawaida yake. Huyu alikuwa mfamasia, kitinda mimba wao, mwenye nyumba na gari lake upande wa pili wa mji. Habari za baiskeli hakuambiwa. Mwaka mzima alikuwa akimsihi mama yake aache kazi apumzike, na Mwalimu alikuwa ameapa kwamba atamwambia siku goti litakapopona, si kabla. Baiskeli ilifichwa stoo, na Mwalimu alivaa mikono mirefu. Shemeji naye alikuwepo, na tai yake, siku ya Jumapili.

Walikula, wakataniana, na sahani zilipoanza kuisha binti alijifuta midomo.

"Mama, ngoja nikuchekeshe. Juzi naenda dukani, pale kwenye duka la mbao, mbele yangu kuna mama mmoja wa baiskeli. Ana kofia kama sufuria, kizibao kinameremeta, ameijaza barabara yote peke yake. Nikamfagia, kama ulivyonifundisha. Pii-pii! Mtu akifagiwa si anashuka? Thubutu! Huyu akainua mkono. Akanipungia, mama, kama malkia anapita!" Akaonyesha, mkono juu, shingo imesimama. "Nikasema leo nimekutana na kichaa. Nikampita hivyohivyo. Mpaka kioo changu cha pembeni kikajikunja, nadhani nilipiga tawi."

Shemeji alivunjika mbavu. Alicheka mpaka tai ikaingia kwenye mchuzi.

"Pale hakuna mti," alisema fundi bomba.

"Eti baba?"

"Kwenye duka la mbao. Hakuna mti hata mmoja pale."

Mwalimu Breki aliweka kijiko chini, akafungua kifungo cha mkono wa gauni, akaukunja taratibu mpaka juu ya kiwiko, akauweka mkono mezani katikati ya sahani. Bandeji ilikuwa imelowa kidogo.

Binti aliutazama mkono, akamtazama mama yake, akautazama mkono tena. Rangi ikamwisha usoni.

"Mama. Mama, si wewe. Wallahi sikukuona!"

"Uliniona. Hata kofia umeisimulia."

"Sikuona kwamba ni wewe! Ningejua ni wewe, ningewezaje?"

"Na ingekuwa si mimi?"

Maneno yalimtoka kwa sauti ile ile tulivu ya kwenye taa nyekundu, na yalipokwisha kutoka aliyasikia vizuri mwenyewe, yakamchoma. Ingekuwa si yeye, hadithi ingekuwa tamu, naye angecheka pamoja na shemeji. Angecheka zaidi ya shemeji. Angesema, vizuri mwanangu, ndivyo inavyofagiwa.

Binti alikuwa analia sasa. "Usinitazame hivyo, mama. Hilo neno ni lako. Nilikuwa mtoto nakaa kiti cha nyuma unafundisha watu, nakusikia: fagia, fagia. Nilijua kufagia barabara kabla sijajua kufagia nyumba."

Hasira zilimpanda Mwalimu, kwa kuwa mtoto alisema kweli, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Akamgeukia mumewe.

"Na wewe? Wewe wanakufagia?"

"Kila siku."

"Wanafunzi wangu?"

"Nitajuaje? Hawasimami kunionyesha leseni." Alisema kwa upole, akikusanya mifupa kwenye sahani yake. "Kuna siku mabomba yote yalimwagika darajani. Mengine yakapitiwa na basi."

"Uliniambia dukani walikupunja mabomba!"

"Ningekuambia nini? Ungeniambia nikae pembeni."

Aibu ilimshika Mwalimu Breki, aibu kavu isiyo na pa kujificha, mbele ya mume, mtoto na shemeji. Ameishi na mtu huyu, amemfulia mashati yenye vumbi la barabara, amemkemea kwa vumbi lenyewe, na hakuwahi kuuliza linatoka wapi. Kila mara aliyekuwa mbele ya gari alikuwa mtu wa baiskeli. Mume alikuwa nyumbani. Hakuwahi kuwaunganisha hao wawili.

Shemeji aliona nafasi, akaitumia. "Basi, shemeji, kwa nini ujitese? Achana na baiskeli, itakuua. Goti litulie, wewe utulie. Kiti kipo kwenye mikono salama."

"Baba mdogo anasema kweli," binti alidakia, akipangusa machozi. "Acha, mama. Nakuomba. Acha baiskeli, acha na kazi. Nitakutunza mimi."

Ilikuwa njia rahisi, tena yenye heshima zake. Hakuna ambaye angemlaumu. Mwalimu aliwatazama wote wawili, akashusha mkono wa gauni, akafunga kifungo.

"Nilikuwa nakitaka kile kiti kwa sababu nimekizoea," alisema. "Sasa nakitaka kwa sababu nina kazi. Kesho napanda baiskeli. Na wewe," akamwelekea binti, "futa machozi ukalete matunda. Hujafa, sijafa."

Alipanda kesho yake, na keshokutwa, na siku zote zilizofuata. Ila hakupungia mtu tena. Aliendesha kwa kuacha nafasi kati yake na ukingo, wima, na honi zilipolia nyuma hakushuka. Walimfokea kwa kila neno. Mmoja alishusha kioo amtukane, akaona ni nani chini ya kofia, akakipandisha kioo upesi hata nusura ajibane pua. Mwalimu aliogopa, mtu asikudanganye. Kila honi ilimpita mgongoni kama maji ya baridi. Jioni alimsimulia mumewe, na mumewe, aliyekuwa ameyameza yake miaka yote, akaanza naye kusimulia. Wakawa wanaongea kama wachumba.

Siku ya daktari ilifika. Daktari alilikunja goti mara hii, mara ile, likakunjika bila kunung'unika.

"Kiti ni chako," alisema. "Lakini pole pole na hiyo breki, mama."

"Breki sitakuahidi," alijibu Mwalimu. "Na wewe, ukiona mtu wa baiskeli unafanyaje?"

Daktari alilishangaa swali. "Si nafagia?"

Mwalimu Breki alichukua mkoba wake. "Utarudi shule," alimwambia, na hakuwa anatania.

Mwanafunzi wake wa kwanza baada ya kurudi alikuwa karani wa benki, kijana mpole anayeshika usukani kama sinia la glasi. Alikuwa ameanza kwa shemeji. Walitoka vizuri, wakapita kituo cha mafuta, wakapita duka la mbao, wakafika mahali barabara inapokuwa nyembamba. Mbele yao alikuwa mzee wa baiskeli, nyuma amefunga godoro lililokunjwa. Karani alinyoosha kidole kwenye honi bila kuambiwa.

Pii-pii.

Gari lilisimama pale pale. Karani alibusu usukani kidogo.

"Nimekosa wapi, Mwalimu? Si ndiyo kufagia?"

"Mbele yako ni nani?"

"Mtu wa baiskeli."

"Sijakuuliza amepanda nini. Nimekuuliza ni nani. Amebeba nini, anatazama wapi, upepo unamsukuma au haumsukumi? Kabla hujaniambia hayo, humpiti. Ukiniambia, bado humpiti mpaka kuwe na nafasi. Na honi hiyo uisahau."

Karani alitazama mbele, midomo ikitembea. "Amebeba godoro. Ni mzee. Anatazama..." Akasita. "Mwalimu, ameshuka."

Kweli. Mzee alikwisha kushuka kwenye vumbi, ameishika baiskeli kwa mikono miwili isianguke na mzigo wake, na kwa kichwa anawaashiria wapite. Nyuma yao magari yalianza kujipanga na kupiga kelele.

"Tupite?" aliuliza karani. "Ametupisha."

"Hatupiti."

Mwalimu alishusha kioo, akatoa kichwa. "Baba, shikamoo. Rudi barabarani."

"Marahaba. Piteni tu, mama, mimi sina haraka."

"Hatupiti. Njia ni yako, ulikuwa mbele. Rudi."

Mzee alimtazama kwa wasiwasi, kama mtu anayeona mtego. Kisha macho yake yakashuka kwenye herufi L, yakapanda tena usoni.

"Wewe si Mwalimu Breki?"

"Ndiye mimi."

"Kwa hiyo ni wewe uliyetufundishia hawa." Hakusema kwa ukali. Aliinua kidevu kuelekea msururu ule wote wa magari yanayopiga honi, naye Mwalimu aligeuka akaona nyuso alizozijua, wengi wao walipitia mikononi mwake.

Angeweza kusema mengi. Angeweza kumtajia kiwiko.

"Ni mimi, baba," alisema. "Wote hao. Ndiyo maana sipiti."

Mzee aliupima uso ule. Kisha alilisawazisha godoro, akaisukuma baiskeli juu ya lami, akapanda, akaanza kukanyaga, mwanzo akigeuka nyuma kila mara kuhakikisha, baadaye bila kugeuka. Karani alitia gia ya kwanza, akamfuata kwa mwendo wake, na mji mzima nyuma yao ukapiga honi.

"Mwalimu, hivi mpaka wapi?"

"Mpaka barabara ipanuke, au mpaka afike kwake. Niambie, anatazama wapi?"

"Mbele," alisema karani. "Sasa anatazama mbele."